PAMPU KUBWA SI MAJI MENGI

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro ukauliza bei ya pampu ya maji, swali la kwanza utakaloulizwa na muuzaji ni hili: "Unataka ya farasi wangapi?" Mnunuzi naye, ambaye aghalabu hajui farasi hao huhesabiwaje, hutazama mfuko wake na kujibu kwa kadiri ya fedha aliyo nayo. Mwenye kidogo huchukua ya nusu farasi. Mwenye nyingi huchukua ya farasi mmoja na nusu, au wawili, akatoka dukani akiwa na imani kwamba tatizo la maji nyumbani kwake limekwisha.

Leo napenda kusema kwamba swali hilo la muuzaji si la kwanza. Ni la mwisho. Kabla yake yako maswali mawili ambayo hayajibiwi dukani, bali nyumbani. La kwanza: maji yanapandishwa juu kiasi gani? La pili: yanatakiwa maji mengi kiasi gani, na kwa muda gani? Mtu asiye na majibu ya maswali hayo mawili hanunui pampu, bali anacheza bahati nasibu kwa fedha ya watoto wake.

Kwa somo hili hakuna darasa bora kuliko hapa petu Kilakala. Eneo hili limeegemea Milima ya Uluguru. Nyumba ya kwanza iko kando ya barabara, ya pili iko hatua thelathini tu nyuma yake, lakini sakafu ya nyumba ya pili imelingana na paa la ile ya kwanza. Majirani hao wakienda dukani pamoja na kununua pampu pacha, za kampuni moja na farasi sawa, mmoja atapata maji na kusifu, na mwingine atapata mchirizi na kulaani. Kumbe pampu hazina kosa, tofauti imeletwa na mlima. Kule Kihonda, kwenye tambarare, ushauri wa jirani unaweza kuzunguka mtaa mzima na ukafaa kila nyumba. Huku kwetu ushauri wa jirani unafaa nyumba ya jirani.

Basi tuanze na hao farasi. Kipimo hiki kilianzia Uingereza katika karne ya 18, pale James Watt alipotaka kuwaeleza wateja wake kwamba injini yake ya mvuke ingefanya kazi ya farasi kadhaa. Nguvu ya farasi mmoja ni sawa na wati 746 hivi. Kwa hiyo mtu anaponunua pampu ya nusu farasi, kipimo hicho kinamweleza ukubwa wa mota. Hakimwelezi maji yatafika wapi, wala yatafika mengi kiasi gani. Ni sawa na kuambiwa kwamba mpagazi ana misuli mikubwa, bila kuambiwa mzigo ni wa kilo ngapi wala safari ni ya kwenda wapi.

Maji yana uzito, nao hauna siri. Lita moja ni kilo moja. Mama aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20 kutoka bondeni hadi nyumba ya juu kabisa anaijua elimu hii kuliko mhandisi. Uzito wa ndoo yake haubadiliki njia nzima, kinachomchosha ni ule mpando. Na pampu ni hivyo hivyo. Huchoshwa na vitu viwili: kimo cha mpando, na wingi wa ndoo zinazotakiwa kwa dakika moja.

Habari njema ni kwamba watengenezaji wa pampu wanalijua hilo, na wameliandika. Geuza pampu ubavuni utaona kibati. Pamoja na farasi na volti, kibati hicho kina herufi mbili. Penye herufi H pameandikwa mita: hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kufikisha maji. Penye herufi Q pameandikwa lita kwa dakika, au mita za ujazo kwa saa: hayo ndiyo maji mengi kabisa ambayo pampu inaweza kutoa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo naomba msikilizaji anisikilize kwa makini. Vipimo hivyo viwili havipatikani pamoja hata siku moja. Pampu iliyoandikwa mita 40 na lita 40 kwa dakika haitoi lita 40 kwenye kimo cha mita 40. Ikifika mita 40 haitoi hata tone. Inazunguka na kuunguruma, na maji yamesimama ndani ya bomba. Zile lita 40 inazitoa pale tu inapomwaga papo hapo ilipo, bila kupandisha. Katikati ya miisho hiyo miwili, kadiri kimo kinavyoongezeka ndivyo maji yanavyopungua. Kwa pampu ndogo za nyumbani, ukitaka makisio ya haraka, kwenye nusu ya kimo cha kibati tegemea karibu nusu ya maji ya kibati. Pampu bora huja na karatasi yenye mchoro unaoonyesha hesabu hiyo hatua kwa hatua. Muulize muuzaji, na usione haya. Karatasi hiyo ni sehemu ya mali uliyolipia.

Sasa turudi nyumbani tukapime. Kimo hakipimwi kwa macho, maana mteremko hudanganya. Mwite fundi mwashi mwenye ule mpira mwangavu wa kupimia usawa wa msingi. Mpira huo ukijazwa maji, maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, hata kama katikati kuna kona na vichaka. Mkianzia kwenye tanki la chini na kupanda hatua kwa hatua mkiwa na mti ulioandikwa sentimita, kwa muda mfupi mtajua mlima wenu una mita ngapi. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita. Tanki la chini liko getini, mahali bomba la mtaa linapoingia. Wakati limepungua, maji yake huwa mita 2 chini ya usawa wa ardhi. Kutoka getini hadi nyumba ilipo, kiwanja kinapanda mita 8. Nyuma ya nyumba umejengwa mnara wa mita 4, na juu yake tanki la plastiki la lita 1,000 ambalo maji huingilia mita 1 na nusu kutoka kitako chake. Jumlisha: mbili, na nane, na nne, na moja na nusu. Jibu ni mita 15 na nusu. Huo ndio mpando wa kweli wa nyumba hiyo, na hakuna fundi anayeweza kuupunguza kwa maneno.

Je, maji yanatakiwa mengi kiasi gani? Tukikadiria lita 100 kwa kila mtu kwa siku, kuoga, kupika na kufua, watu sita wanatumia lita 600. Tanki la lita 1,000 linawatosha siku moja na zaidi. Je, kuna haja ya kulijaza kwa dakika kumi? Linaanza kujazwa asubuhi watoto wakienda shule, na hakuna anayeligombania. Likijaa kwa dakika 50, hakuna aliyepungukiwa kitu. Lita 1,000 kwa dakika 50 ni lita 20 kwa dakika. Ni ndoo moja ya kawaida kila dakika. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na tanki la nyumbani ni kibaba tu, isipokuwa limekaa juu.

Lakini hesabu haijakwisha. Kuna kitu cha tatu, nacho hufichika kwa sababu hakionekani: bomba. Maji yanapopita ndani ya bomba husuguana nalo, na msuguano huo hula nguvu ya pampu kana kwamba mlima umeongezeka. Nyumba yetu ya mfano ina bomba la mita 50 kutoka getini hadi mnarani, na viwiko 10 vya kukatia kona. Kwa bomba la inchi moja, kila kiwiko kihesabu kama mita moja zaidi ya bomba, kwa hiyo tuna mita 60. Likiwa bomba la inchi moja, zile lita 20 kwa dakika zinapoteza kama mita 1 na nusu tu za kimo. Mpando wetu unakuwa mita 17. Likiwa la nusu inchi, msuguano unapita mita 12. Ni kama mwenye nyumba ameongeza mnara mwingine mara tatu ya ule aliojenga, na ataulipia umeme kila siku ya maisha ya pampu ile, ili tu kuokoa fedha kidogo siku ya kununua mabomba.

Kwa nyumba hii, basi, tunatafuta pampu itakayotoa lita 20 kwa dakika kwenye kimo cha mita 17. Tuweke akiba kidogo kwa uchakavu na kwa siku umeme unapokuwa hafifu, tuseme mita 20. Pampu ndogo ya nusu farasi, ambayo kibati chake kinasoma mita 40 na lita 40, inaimudu kazi hiyo. Ikivuta kama nusu kilowati ya umeme, inalijaza tanki la lita 1,000 kwa chini ya nusu yuniti ya LUKU.

Hapa nasikia sauti ya msikilizaji mmoja: "Mimi nina uwezo. Nitanunua ya farasi mmoja na nusu, tanki lijae mara moja, nipumzike." Tumfanyie hesabu na yeye. Tuseme pampu yake kubwa inasukuma lita 60 kwa dakika katika bomba lile lile. Maji yameongezeka mara tatu. Msuguano haukuongezeka mara tatu, umeongezeka zaidi ya mara saba, kutoka mita 1 na nusu hadi zaidi ya mita 11, kwa sababu msuguano hukua karibu kwa mraba wa mwendo wa maji. Mpando wake sasa ni mita 27 badala ya 17. Maji ni mara tatu, lakini kazi ya kuyapandisha ni karibu mara tano. Kila lita anayoipata imepanda mlima ambao haupo, ni mlima wa msuguano alioujenga mwenyewe dukani.

Na gharama haiishii kwenye yuniti. Mota ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule inaovuta ikiwa imeshika mwendo. Mota ikiwa kubwa na waya wa nyumba ukiwa mwembamba, taa hufifia na jokofu hushtuka kila pampu inapowashwa. Tena pampu kubwa hulimaliza tanki la chini upesi kuliko bomba la mtaa linavyolijaza. Ikizunguka bila maji, ule mpira unaozuia uvujaji, ambao hupozwa na maji yenyewe, huungua. Mwenye nyumba huambiwa na fundi kwamba pampu ilikuwa hafifu, akanunua kubwa zaidi. Dawa ya jambo hili ni swichi ya boya, ile inayoelea majini na kukata umeme maji yanapokwisha. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mota.

Sisemi kwamba pampu ndogo ndiyo bora siku zote. La hasha. Pampu isiyofikia kimo nayo ni hasara, maana huzunguka mchana kutwa, ikachemka, na tanki likabaki kavu. Mwenye nyumba ya ghorofa mbili upande wa juu, au mwenye hosteli ya wanafunzi hamsini, anahitaji kikubwa zaidi, na hesabu ni ile ile. Ninachosema ni kwamba ukubwa unaofaa hutokana na kipimo, hautokani na hofu wala majivuno.

Sasa liko kosa moja ambalo hata farasi kumi hawawezi kulitibu. Ni la mtu mwenye kisima cha kina cha mita 12, ambaye anaiweka pampu juu ya ardhi na kushusha bomba hadi kwenye maji. Anawasha, pampu inalia, maji hayaji. Anabadilisha, ananunua ya farasi wawili. Maji hayaji. Kwa nini? Kwa sababu pampu ya juu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya dunia nzima, inayokandamiza maji kule chini kisimani, ndiyo inayoyasukuma kupanda. Na hewa hiyo ina mpaka wa nguvu zake. Galileo wa Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, alieleza habari za pampu iliyogoma kunyonya maji yalipozidi kina cha kama mita 10, na muda mfupi baadaye Evangelista Torricelli akaonyesha kwamba sababu ni uzito wa hewa. Hapa Morogoro, tulio mita 500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, kwa hiyo mpaka wetu uko chini kidogo zaidi. Ukiondoa msuguano na mivujo midogo, usitegemee kunyonya zaidi ya mita 7. Mwenye kisima kirefu kuliko hapo anahitaji pampu ya kuzamishwa, inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini. Kusukuma hakuna mpaka huo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye tanki la chini aiweke pampu karibu kabisa na tanki, na asiiweke juu nyumbani kwa ajili ya kukwepa wezi. Ajenge kibanda, aweke kufuli.

Na msimu wa masika usisahauliwe. Vijito vyetu vya Uluguru vikichafuka, mchanga na tope huingia mabombani, na pampu ndogo za kisasa zina nafasi nyembamba mno ndani yake, mchanga huzila kama msumeno. Acha maji yatulie kwenye tanki la chini. Ncha ya bomba la kunyonyea iwe na chujio, nayo ining'inie sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, ili tope libaki lilipo.

Ndugu msikilizaji, nimezungumzia fedha na mota. Lakini katika mji kama wetu ukubwa wa pampu si jambo la mwenye nyumba peke yake. Wako watu ambao hawana tanki la chini. Wameunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na siku maji yanapokuja wanawasha na kunyonya. Tujiulize: maji hayo ya ziada yanatoka wapi? Hayatoki Bwawa la Mindu. Pampu ya mtu mmoja haiwezi kuamuru Mto Ngerengere ujaze bwawa zaidi. Yanatoka kwenye bomba la jirani, ambaye koki yake imeanza kutoa hewa badala ya maji. Jirani naye, kwa kujihami, hununua pampu. Wa tatu hununua kubwa kuliko wote. Mwisho wa mashindano hayo mtaa mzima una pampu, maji ni yale yale, na bibi kizee asiye na fedha ya pampu ndiye aliyeachwa na ndoo tupu.

Tena iko hatari ya afya. Bomba la mtaa likiwa na msukumo wake wa kawaida, penye ufa maji hutoka nje, nasi huona tope barabarani na kutoa taarifa. Pampu ikilinyonya hadi msukumo ukaisha, ufa ule ule hugeuka mdomo. Maji ya mfereji na ya vyoo vilivyo karibu huingia ndani, yakafika kwenye glasi ya mtoto wa nyumba ambayo haikuwasha pampu yoyote. Kipindupindu na homa ya matumbo havichagui mwenye kosa. Kwa hiyo atakaye pampu aanze na tanki la chini, lijazwe na bomba kwa msukumo wake lenyewe, liwe na koki ya boya ya kufunga linapojaa, kisha pampu inyonye kutoka humo. Kwa njia hiyo unapandisha maji yako mwenyewe bila kumnyang'anya mtu.

Wale wanaofikiria kuweka pampu kwenye kijito, nao wakumbuke kwamba maji ya mto yana sheria. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ya mito husimamiwa kwa mabonde. Sisi tuko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, nayo ofisi yake iko hapa hapa Morogoro. Mtu aende akaulize kabla ya kununua mashine, asije akaambiwa aiondoe baada ya kuisimika. Kijito kinachopita nyuma ya nyumba yako wewe kinapita mbele ya nyumba ya mwingine huko chini.

Nimalizie hesabu kwa mfano wa pili, kwa ajili ya wale wanaojenga nyumba za wageni, na familia chache zilizojaliwa kuwa na bwawa la kuogelea nyumbani. Wao huniuliza ikiwa kanuni hizi zinawahusu. Zinawahusu sana, ila kazi ya pampu ni tofauti. Pampu ya bwawa haipandishi mlima. Inayazungusha maji: inayatoa bwawani, inayapitisha kwenye chujio la mchanga, na kuyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo mpando wake karibu wote ni msuguano wa mabomba na chujio. Bwawa la mita 8 kwa mita 4, lenye kina cha wastani cha mita 1 na nusu, linabeba mita za ujazo 48, yaani lita 48,000, au ndoo 2,400. Ukitaka maji yote yapite chujioni mara moja kwa saa 8, gawanya: lita 6,000 kwa saa, sawa na lita 100 kwa dakika. Hiyo ndiyo pampu ya kutafutwa, na siyo kubwa kuliko hiyo.

Kisha tazama chujio. Nalo limeandikwa kiasi cha maji linachoweza kupokea kwa saa. Pampu ikizidi chujio, maji hupita kwa kasi, mchanga unashindwa kuukamata uchafu, na bwawa linabaki na ukungu hata likimwagiwa dawa kiasi gani. Mwenye bwawa akidhani dawa haitoshi, huongeza dawa. Na kwa pampu hizi za kuzungusha, ile nyenye uwezo wa kubadili mwendo ina siri moja nzuri: mzunguko wa mota ukipunguzwa nusu, maji hupungua nusu, lakini nguvu inayohitajika hushuka karibu hadi sehemu moja ya nane. Ukiiendesha mara mbili ya muda, unapata maji yale yale kwa kama robo ya umeme. Haraka haraka haina baraka, na hapa hasara ya haraka inasomeka kwenye mita.

Iko pampu moja zaidi ambayo sijaitaja, na ambayo haiuzwi. Ni mlima wenyewe. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600, na maji yanayotiririka kutoka huko hushuka bila mota, bila LUKU, na bila fundi. Kila mita 10 za mteremko, maji hupata msukumo wa takriban angahewa moja. Chemchemi au tanki la jumuiya lililo mita 20 juu ya nyumba yako linaleta maji kwa nguvu inayotosha bomba la mvua la kuogea. Kwa hiyo kabla ya kushuka mjini kununua pampu, kwanza inua macho utazame juu. Pengine familia kumi za mtaa mmoja, zikichangia bomba moja na tanki moja mahali palipoinuka, kwa kibali cha wahusika, hazihitaji pampu hata moja. Katika hali hiyo pampu yenye ukubwa unaofaa ni sifuri. Ila mteremko huo una maji tu pale msitu ulipo. Mlima ukinyolewa miti, vijito hukauka kiangazi na huja kwa hasira masika, na hapo hakuna pampu ya dukani itakayonyonya kilichokwisha kukauka.

Basi, ndugu msikilizaji, ukienda dukani wiki hii, nenda na kikaratasi chenye mistari minne. Mstari wa kwanza: kimo kutoka kwenye maji hadi mdomo wa tanki, kwa mita. Wa pili: lita ngapi kwa dakika. Wa tatu: urefu na unene wa bomba, na idadi ya viwiko. Wa nne: maji yako chini ya pampu kwa mita ngapi. Muuzaji akikuuliza farasi wangapi, mpe kikaratasi hicho, umwambie akutafutie pampu inayotoa maji hayo kwenye kimo hicho. Akishindwa, nenda duka la pili. Na pampu ikishafungwa, weka ndoo ya lita 20 chini ya mdomo wa bomba kule juu mnarani, tazama saa. Ikijaa kwa dakika moja au pungufu kidogo, umepata ulichokilipia. Ikichukua dakika tatu, fundi asiondoke.

Kwa leo niishie hapo. Hadi wiki ijayo, nakutakieni maji safi na majirani wema.